Robert Koch na swali la maziwa: tunachojua leo kuhusu ukoo wa TB

Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu, wengi wao walielekezwa mikoa ya kusini. Tangu hapo maziwa ya ng'ombe yamekuwa kitu cha kawaida katika vijiji vya Kilwa na Lindi, ambavyo zamani vilizoea zaidi tui la nazi. Pamoja na maziwa hayo limekuja swali ambalo wazazi huniuliza mara kwa mara: je, kifua kikuu tunakipata kwa ng'ombe? Wengine huuliza kwa sababu wana mtoto mdogo nyumbani. Wengine wameshajijibu kwamba ugonjwa umeletwa na wafugaji, na jibu hilo huzidisha uhasama ambao tayari upo kati ya mkulima na mfugaji.

Swali hili lina zaidi ya miaka mia moja. Aliyelijibu kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Robert Koch, daktari Mjerumani aliyekigundua kimelea cha TB. Nusu ya jibu lake ilikuwa sahihi na nusu ilikuwa kosa, na kosa lile lingeweza kuwagharimu watoto wengi. Jibu lililo bora zaidi limepatikana miaka ya karibuni, kwa kusoma vinasaba vya vimelea na kuvifanyia hesabu. Wiki hii nasimulia maisha ya mtu huyo na jinsi swali lake lilivyopata jibu.

Daktari wa wilaya

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa machimbo katika milima ya Harz. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi na watoto nyumbani walikuwa 13. Alisoma udaktari Göttingen akamaliza mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake, Jakob Henle, alikuwa ameandika kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai visivyoonekana kwa macho. Wakati huo madaktari wengi bado waliamini kwamba magonjwa hayo huletwa na hewa chafu.

Baada ya vita kati ya Ujerumani na Ufaransa, Koch alipata kazi ya daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara wala msaidizi. Aligawa chumba chake cha kazi kwa pazia: upande mmoja aliona wagonjwa, upande wa pili aliweka hadubini aliyopewa na mkewe Emmy pamoja na panya wake wa majaribio. Hapo ndipo alipothibitisha, mwaka 1876, kwamba ugonjwa wa kimeta husababishwa na aina moja maalumu ya bakteria. Kabla yake hakuna aliyekuwa ameonyesha kwa ushahidi kamili kiasi kile kwamba bakteria fulani ndiye chanzo cha ugonjwa fulani.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin. Tatizo lake kubwa lilikuwa kuotesha aina moja ya bakteria bila kuchanganyika na nyingine. Alianza kwa vipande vya viazi vilivyochemshwa, kisha akatumia gelatini, ambayo iliyeyuka kwenye joto. Suluhisho lilitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa daktari mmoja aliyefanya kazi katika maabara ya Koch, alipendekeza agari, ambayo yeye aliitumia kugandisha jamu na vyakula vya baridi. Agari hutokana na mwani mwekundu, kundi lile lile kubwa la mwani unaolimwa na akina mama wa pwani yetu. Hadi leo maabara zetu huotesha bakteria juu yake.

Tarehe 24 Machi 1882 Koch aliwaeleza madaktari wenzake wa Berlin kwamba amekipata kimelea cha kifua kikuu. Kilikuwa kigumu kuonekana kwa sababu kina gamba la mafuta linalokataa rangi, na hukua polepole kwa wiki nyingi. Koch alikadiria kwamba katika kila vifo saba vya binadamu, kimoja kilitokana na ugonjwa huo. Kwa kumbukumbu ya siku ile, dunia huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu kila tarehe 24 Machi.

Miaka miwili baadaye alirudi kutoka India akiwa shujaa, baada ya kukitambua kimelea cha kipindupindu. Kisha, mwaka 1890, akatangaza dawa ya TB aliyoiita tuberkulini, huku akificha namna ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila upande. Dawa ile haikuponya, na baadhi ya walioitumia walikufa. Kilichobaki ni matumizi mengine: tuberkulini kidogo ikidungwa kwenye ngozi huonyesha kama mwili umewahi kukutana na kimelea cha TB. Kipimo hicho kinatumika hadi leo, hasa kwa watoto.

Aliyoyatangaza London

Mwaka 1897 Koch alifika Dar es Salaam, wakati nchi hii ikiwa chini ya Wajerumani. Alichunguza malaria, magonjwa ya mifugo na tauni ya Kisiba, upande wa Bukoba. Aliporudi Ulaya alilishika tena suala la TB ya ng'ombe.

Mwanzoni, mwaka 1882, yeye mwenyewe aliamini kwamba TB ya mtu na ya ng'ombe ni kitu kimoja. Lakini mwaka 1898 Mmarekani Theobald Smith alionyesha kwamba vimelea hivyo viwili vina tabia tofauti. Koch akafanya majaribio yake. Aliwapa ndama vimelea vilivyotoka kwa wagonjwa wa kifua kikuu, na ndama hawakuugua. Alipowapa vilivyotoka kwa ng'ombe, waliugua vibaya.

Julai 1901, mbele ya mkutano mkubwa wa madaktari mjini London, alitangaza mambo mawili. La kwanza, kwamba vimelea hivyo ni tofauti. Hapo alikuwa sahihi. La pili, kwamba binadamu huambukizwa na ng'ombe kwa nadra sana, hivyo hakuna haja ya kuhangaika na maziwa. Hapo alikosea. Alikuwa amethibitisha kwamba kimelea cha mtu hakimdhuru ndama, kisha akachukulia kwamba na cha ng'ombe hakimdhuru mtu. Upande huo wa pili usingeweza kupimwa kwa majaribio, kwani ingemaanisha kuambukiza watoto.

Wengi waliokuwa ukumbini walishtuka. Serikali ya Uingereza iliunda tume, ikafanya kazi kwa miaka kumi. Ripoti yake ya mwisho ya mwaka 1911 ilisema wazi kwamba maziwa yanaambukiza, na wanaodhurika zaidi ni watoto: huvimba tezi za shingo na kuugua TB ya tumbo.

Koch hakuiona ripoti hiyo. Mwaka 1905 alirudi Afrika Mashariki akachunguza homa ya papasi, na kuonyesha kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake vimelea kupitia mayai. Mwaka huohuo vita ya Maji Maji ilianza katika milima ya Wamatumbi, nyuma ya Kilwa, na mwezi Agosti Kinjeketile Ngwale akanyongwa Mohoro. Serikali iliyogharimia sayansi ya Koch ndiyo hiyo iliyowanyonga wazee wetu. Mwishoni mwa mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya TB.

Mwaka 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Sese, Uganda, akitibu malale kwa dawa ya atoksili iliyotengenezwa kwa sumu ya aseniki. Aliongeza kipimo cha dawa, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Alipendekeza pia wagonjwa wakusanywe kwenye kambi. Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, moyo ukiwa umechoka.

Nakala na makosa ya waandishi

Koch alitambua aina za vimelea kwa kuangalia umbo, jinsi vinavyokua na mnyama vinayemuua. Njia hiyo huonyesha kwamba viwili vinatofautiana, lakini haionyeshi vilitengana wapi wala nani alimtangulia mwenzake. Kwa hilo lazima usome vinasaba.

Watu wa Kilwa wataielewa njia hii upesi. Habari za masultani wa Kilwa zimetufikia kwa nakala ya Kiarabu na kwa masimulizi ya Kireno yaliyochapishwa na João de Barros mwaka 1552, na mbili hizo zinapishana. Sasa chukua kitabu chochote cha zamani kilichonakiliwa kwa mkono. Kila mwandishi huacha kosa dogo: herufi moja hapa, neno moja pale. Anayenakili kutoka kwake hulibeba kosa hilo na kuongeza lake. Ukikuta nakala mbili zenye kosa moja la ajabu mahali palepale, unajua zimetoka kwa mwandishi mmoja. Na ukikuta nakala imepotewa na ukurasa mzima, unajua kwamba nakala iliyo kamili haikunakiliwa kutoka kwake.

Kimelea cha TB ni kitabu cha namna hiyo. Kina herufi kama milioni 4.4 za vinasaba, zilizosomwa zote kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Kinapozaliana hujinakili, na katika kizazi kimoja cha vimelea kosa huingia kwa nadra: kwa wastani herufi moja katika kipindi cha miaka miwili au mitatu. Makosa hayo ndiyo alama za ukoo.

Kazi ya hesabu ni kupanga alama hizo ziwe mti wa ukoo, na haifanyiki kwa macho. Kwa aina tatu za viumbe kuna miti mitatu inayowezekana. Kwa aina nne iko 15. Kwa aina kumi ni 34,459,425. Ndiyo maana kompyuta inahitajika, pamoja na kanuni ya kuchagua. Kanuni moja ni kuchukua mti unaohitaji mabadiliko machache zaidi ili kufikia herufi tunazoziona. Nyingine hupima, kwa hesabu za uwezekano, ni mti upi unaofanya herufi hizo ziwe za kutarajiwa zaidi. Kisha mti hujaribiwa: kompyuta huchota upya sehemu za herufi mara mamia na kuuchora tena. Tawi linalojitokeza karibu kila mara huaminika. Linalokuja na kupotea huachwa na alama ya kuuliza. Na kwa kuwa kasi ya makosa inajulikana kwa kadiri, idadi ya tofauti kati ya matawi hutumika kukadiria ni lini yalitengana.

Jibu ambalo Koch hakuwa nalo

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba binadamu alipata TB kwa ng'ombe, pale alipoanza kufuga. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na wale wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walilinganisha vimelea vya TB vya watu na vya wanyama. Waligundua kwamba kimelea cha ng'ombe kimepotewa na kurasa ambazo kimelea cha binadamu bado kinazo. Kwa hiyo TB ya binadamu haikutoka kwa TB ya ng'ombe. Mwaka uliofuata kimelea cha ng'ombe kilisomwa chote, ikaonekana kwamba katika kila herufi 10,000 hakitofautiani na cha binadamu hata kwa tano. Ni ndugu wa babu mmoja. Tawi la ng'ombe liko karibu na matawi ya TB ya watu yanayopatikana Afrika Magharibi.

Mwaka 2020 ukatangazwa ugunduzi mwingine. Vimelea vya wagonjwa wawili, mmoja wa Rwanda na mmoja wa Uganda, vilikuwa na ukoo uliotengana na wengine wote kabla hata matawi mengine ya TB hayajagawanyika. Hilo linatia nguvu hoja kwamba nyumbani kwa TB ni eneo letu hili la Afrika. Koch alikaa Sese miezi mingi akitafuta malale, bila kujua kwamba upande huohuo wa dunia kuna tawi la kale kabisa la kimelea kilichompa jina.

Mwaka 2023 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,082 wa Dar es Salaam. Mti wao ulionyesha kwamba TB ya jiji hilo inatokana kwa sehemu kubwa na koo zilizoingia kutoka sehemu mbalimbali za dunia katika miaka 300 iliyopita. Ukoo ulioenea kuliko wote asili yake ya karibuni ni Asia ya Kusini. Ugonjwa ulitoka Afrika, ukazunguka, ukarudi na vyombo. Utafiti ule haukufanyika Kilwa wala Lindi, lakini bahari ni ileile, na barabara ya Dar es Salaam tunaipanda kila siku. Kimelea kilichosafiri hivyo hakiwezi kubandikwa kabila moja.

Mti huu una kazi hata leo hospitalini. Wagonjwa wawili wakiwa na vimelea vinavyotofautiana kwa herufi chache sana, yaelekea mmoja amemwambukiza mwenzake, au wameambukizwa na mtu yuleyule karibuni. Mgonjwa aliyepona akiugua tena, vinasaba huonyesha kama ni ugonjwa wa zamani uliorudi au ni maambukizi mapya. Na mashine ya vinasaba inayopima makohozi katika hospitali zetu hutafuta herufi zilizobadilika ambazo humfanya kimelea asiathiriwe na rifampisini, moja ya dawa kuu za TB.

Undugu huo umetufaa pia kwenye chanjo. Calmette na Guérin, watafiti Wafaransa, walichukua kimelea cha ng'ombe na kukiotesha upya tena na tena kwa miaka 13, kuanzia 1908 hadi 1921, mpaka kikapoteza ukali. Hiyo ndiyo BCG anayodungwa mtoto wako akizaliwa. Inafanya kazi kwa sababu ng'ombe na mtu wana vimelea vya ukoo mmoja: mwili ukimjua ndugu dhaifu, humtambua na ndugu mkali.

Kwa mzazi na mgonjwa

Kwa hiyo, TB tunaipata kwa ng'ombe? Mara nyingi, hapana. Wagonjwa wengi wameambukizwa na mtu mwingine aliyekohoa karibu nao katika chumba kisicho na hewa ya kutosha. Lakini maziwa mabichi yanaweza kuambukiza, na hapa Tanzania watafiti wamewahi kukipata kimelea cha ng'ombe kwa wagonjwa waliovimba tezi za shingo.

Chemsha maziwa mpaka yatokote, hata kama ng'ombe anaonekana mzima. Mtindi nao utokane na maziwa yaliyochemshwa, kwa maana kuganda peke yake hakuui vimelea hivi. Mtoto mwenye uvimbe wa shingo usiokwisha, anayepungua uzito au asiyeongezeka, mwenye homa au kikohozi cha muda mrefu, apelekwe kituo cha afya. Mwambie daktari kama anakunywa maziwa mabichi, kwa sababu kimelea cha ng'ombe kwa asili hakisikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa tunazoanza nazo.

BCG humkinga mtoto na TB kali, kama ile ya uti wa mgongo, lakini haizuii kila TB. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, kapime makohozi. Kipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Matibabu ya kawaida ni miezi sita. Ukiacha nafuu ikudanganye katika mwezi wa pili, vimelea vinavyobaki huenda ndivyo vyenye herufi iliyobadilika, na vikiongezeka dawa hazitafaa tena. Nyumba ikiwa na mgonjwa wa TB, wote waliomo wachunguzwe, na watoto wa chini ya miaka mitano wapewe dawa ya kinga hata kama hawaumwi.

Na kuhusu wafugaji: watoto wao ndio wanaokunywa maziwa mabichi zaidi, na kambi zao mara nyingi ziko mbali na zahanati. Wao ndio walio hatarini kuliko sisi tunaowanunulia. Ukienda kununua maziwa, mweleze mama wa boma habari ya kuchemsha, na ukimkuta mtoto anayekohoa, mwelekeze kituo kilicho karibu.